Kilo Mbili Zimerudi, Tufanyeje?

Habari za kupunguza unene zimekwisha andikwa sana. Kila mtu anajua kwamba soda si maji na kwamba chipsi mayai si chakula cha kila jioni. Leo twapenda kuzungumza na mama ambaye kazi hiyo amekwisha ifanya. Amepungua kilo nane, au kumi, au kumi na tano. Gauni la kitenge lililokuwa limelala chini ya sanduku limetolewa na linaingia. Goti halimuumi tena akipanda daladala. Kisha siku moja anapanda kwenye mizani na kukuta kilo mbili zimerudi.

Kilo mbili ni mfuko mmoja wa unga. Hata hivyo sisi tunaoishi na akina mama wa Mbagala, Tandika, Mwananyamala na Tegeta tumeona kwamba hizo mbili huvunja moyo kuliko zile kumi na tano za mwanzo. Twamfahamu mama mmoja wa Mbagala, mwenye presha, aliyetoka kilo 92 hadi 79 kwa muda wa mwaka mzima. Alifanya kwa subira. Alitembea, alipunguza mafuta, aliacha vitumbua vya asubuhi, na daktari wake akaridhika na vipimo vya presha. Ulipofika mwezi wa Desemba kulikuwa na send-off mbili, ubarikio wa mtoto wa jirani, Krismasi, na safari ya kwenda kijijini kwao. Mwezi wa Januari mizani ikasoma 81 na nusu. Akasema, "Nimeshaharibu," akaisukuma mizani chini ya kitanda. Ilipofika Pasaka alikuwa na kilo 88, na presha imerudi palepale.

Tukitazama vizuri, sherehe za Desemba zilimpa kilo mbili na nusu tu. Zile sita na nusu nyingine zilitoka katika lile neno "nimeshaharibu". Ndilo tunalotaka kulishughulikia hapa.

Kilo mbili ni nini hasa?

Tuanze na hesabu, maana hofu nyingi hutokana na kutojua. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina nishati ya kalori kama 7,700. Mama wa makamo anayefanya kazi za kawaida hutumia kalori kama 2,000 kwa siku, pengine zaidi kidogo, pengine pungufu. Basi ili mtu apate kilo mbili za mafuta matupu inampasa ale ziada ya kalori zaidi ya 15,000, yaani chakula cha wiki nzima juu ya kile anachokula siku zote. Hakuna kicheni pati yenye chakula hicho, hata ile ya Sinza yenye meza ya nyama tatu.

Kwa hiyo ukitoka kwenye harusi Jumamosi usiku na kujipima Jumatatu asubuhi, ukakuta umeongezeka kilo moja na nusu, sehemu kubwa ya hiyo ni maji. Mwili huweka akiba ya wanga katika ini na misuli, na kila gramu moja ya akiba hiyo hushika maji ya gramu tatu hivi. Ukila pilau, wali na viazi kwa siku mbili, akiba hujaa na maji hujaa pamoja nayo. Chumvi nayo hushika maji, na pilau ya shughuli haikosi chumvi, wala samaki wa kukaanga, wala kachumbari. Siku chache kabla ya hedhi mwanamke wengi wetu huvimba kidogo na mizani hupanda. Choo kikiwa kigumu kwa siku tatu, hilo nalo mizani hulihesabu. Mambo hayo yote hushuka yenyewe baada ya siku tatu, nne, mpaka wiki, mtu akirudia kula kwake kwa kawaida.

Ndiyo maana hatuwapendi wauzaji wa zile chai za kupunguza tumbo. Nyingi huendesha tu. Mama anakwenda chooni mara tano, anapoteza maji, mizani inashuka kilo moja, naye anaamini amepungua. Akinywa maji kilo inarudi, naye anarudi dukani kununua pakiti nyingine. Fedha hiyo ingenunua mchicha wa mwezi.

Lakini mama wa Mbagala hakupima baada ya siku mbili. Alipima Januari, baada ya sherehe za mwezi mzima. Kwake maji yalikuwapo, na mafuta ya kweli nayo yalikuwapo, pengine kilo moja au zaidi. Hayo hayashuki yenyewe. Hapa yafaa tuseme wazi jambo ambalo watu wengi hawaambiwi wanapopunguza uzito: mwili uliopungua haukai kimya. Mwaka 2011 wataalamu wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya watu 50 waliopunguzwa uzito kwa chakula kidogo sana kwa wiki kumi. Mwaka mmoja baadaye homoni inayoleta njaa ilikuwa ingali juu kuliko ilivyokuwa mwanzo, na kadhaa ya zile zinazoleta shibe zilikuwa zingali chini. Kadhalika, mwili mdogo unahitaji chakula kidogo kuliko mwili mkubwa. Mama wa kilo 79 akila sahani ileile iliyomtosha alipokuwa na kilo 92, ataongezeka, hata kama sahani hiyo haina ubaya wowote.

Basi mama anayeona njaa baada ya kupungua asijiite mlafi. Njaa yake ni ya kweli. Wale wenye jirani ambaye "anakula tu na hanenepi" wamwache na maisha yake.

Jambo hili linawahusu wangapi? Tafiti za afya zinazofanywa nchi nzima zilionyesha kwamba katika mwaka 2004 na 2005 wanawake wenye umri wa kuzaa waliokuwa na uzito uliozidi au unene walikuwa asilimia 18. Mwaka 2010 walikuwa asilimia 22, na katika utafiti wa 2015 na 2016 wakawa asilimia 28. Mijini hali ni nzito kuliko vijijini. Katika Manispaa ya Kinondoni ulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kwa watu wazima 1,249, na kwa upande wa wanawake karibu mmoja katika kila wanne alikuwa mnene kupita kiasi, mbali na wale wenye uzito uliozidi kidogo. Hospitali ya Mloganzila kwa miaka kadhaa sasa huwawekea watu puto tumboni ili washibe upesi, na sindano za kupunguza hamu ya chakula zimefika mjini kwa wenye uwezo. Lakini puto hutolewa baada ya miezi kadhaa, na sindano nayo ina siku yake ya kwisha. Utafiti uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba waliopungua kwa mojawapo ya sindano hizo, walipoiacha, walirudisha theluthi mbili ya uzito waliopoteza ndani ya mwaka mmoja. Kwa vyovyote alivyopungua, kwa kutembea au kwa daktari, kila mmoja atafika kwenye swali letu la leo.

Kijani, njano na nyekundu

Huko Rhode Island, Marekani, wataalamu waliwachukua watu 314 ambao walikuwa wamekwisha pungua angalau sehemu moja ya kumi ya uzito wao, wakawafuata kwa miezi 18. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Hawakuwafundisha kupungua, walifundisha nini cha kufanya uzito unapoanza kurudi. Walitumia rangi za taa za barabarani. Aliyeongezeka chini ya kilo moja na nusu hivi alikuwa katika kijani, naye alipewa pongezi na zawadi ndogo. Aliyepita hapo alikuwa katika njano: akae atafakari, nini kimebadilika wiki hizi? Aliyefika kilo mbili na robo au zaidi alikuwa katika nyekundu, naye alirudia mara moja yale aliyoyafanya alipokuwa anapungua, kwa msaada wa mshauri.

Katika kundi lililopewa vijarida tu, watu 72 katika kila mia waliongezeka kilo mbili na robo au zaidi kufikia mwisho. Katika kundi lililokutana uso kwa uso na kufuata rangi walikuwa 46. Hata hao 46 ni wengi, hatufichi. Lakini kinachotupendeza ni fikra yenyewe: kilo mbili zimetazamiwa tangu mwanzo. Zina rangi yake na kazi yake. Hakuna mahali palipoandikwa "umeharibu".

Mama wa nyumbani aweza kufanya hivyo bila mshauri wala Marekani. Achukue daftari la mtoto lililobaki kurasa, aandike uzito aliofikia, kwa mfano 79. Chini yake aandike 80 na nusu, njano. 81 na robo, nyekundu. Ajipime siku moja ileile kila wiki, asubuhi, baada ya kwenda haja, kabla ya chai. Katika utafiti ule waliojipima kila siku walifanya vizuri, lakini sisi tunaona kwamba kwa mama ambaye namba humharibia siku nzima, mara moja kwa wiki yatosha. Aangalie namba ya wiki mbili au tatu mfululizo kabla ya kusema chochote.

Tatizo ni mizani yenyewe. Si kila nyumba inayo. Wako vijana wanaokaa na mizani vituoni, Rangi Tatu na Kariakoo, ambao kwa sarafu watakupima, na baadhi ya mizani hizo hutangaza uzito kwa sauti, kituo kizima kikasikia. Mama asilazimike kuvumilia hayo. Maduka mengi ya dawa na zahanati wanazo mizani. Muhimu ni kutumia ileile kila mara, maana mizani mbili hutofautiana, na kilo moja ya tofauti yaweza kukutia wasiwasi bure.

Akikosa mizani kabisa, atumie utepe wa fundi cherehani kiunoni, au atumie gauni. Hatusemi dera. Dera halimwambii mtu ukweli. Laweza kukuchukua na kilo 70 na likakuchukua na kilo 90 bila kulalamika, na khanga ni hivyohivyo. Chagua vazi moja lililoshonwa kwa kipimo, sare ya kwaya au sketi ya kazini, ulivae kila mwisho wa mwezi. Zipu ikianza kubishana, hiyo ni njano. Na tafadhali, usikimbilie kwa fundi akutolee mshono kabla ya kumaliza mwezi.

Ukiona njano, tafuta kilichoingia. Mara nyingi si chakula kikuu, ni vidogo. Ni andazi moja lililorudi kwenye chai ya saa nne kazini. Ni ukoko wa wali na mabaki ya watoto ambayo mama anaona vibaya kuyatupa. Ni soda ya kwenye kikoba: chupa ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vya chai vinane au tisa, na vikao ni kila wiki. Ni chupa ya mafuta ambayo mkono umerudia kuimimina badala ya kupima kwa kijiko. Ni kutembea kulikoachwa wakati wa mvua za masika, barabara ilipojaa tope, kisha mvua zikaisha na viatu havikutolewa tena. Tafuta moja au mawili, uyaondoe. Usibadili kila kitu.

Hapa tunawaomba sana akina mama: msijiadhibu. Tumewaona wanaofunga siku tatu baada ya harusi, wakinywa maji ya ndimu tu, na siku ya nne wakala kwa hasira. Mfungo una mahali pake na nia yake, na aliyefunga Kwaresima kwa ajili ya Mungu anajua kwamba hakufanya hivyo kwa ajili ya mizani. Kula biriani kwenye harusi ya mtoto wa dada yako si dhambi ya kuungama. Kesho yake kunywa chai yako, kula ugali wako wa kiasi na mboga nyingi na dagaa au maharage, utembee kama kawaida. Huo ndio utaratibu wote.

Maneno ya watu

Yako mambo ambayo mizani haipimi. Katika miji yetu kunenepa ni sifa. "Umenawiri," "ndoa imekukubali," "mume anakutunza." Kupungua ni habari mbaya. Wifi anakuja kutoka Moshi, anakutazama juu hadi chini, anauliza, "Kulikoni, kaka yangu hakulishi?" Jirani hasemi kitu, lakini unajua anachowaza. Kwa muda mrefu wembamba wa ghafla mtaani ulikuwa na maana moja tu, na tulizika watu wengi tukiwa na maana hiyo vichwani. Dawa za ARV zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na leo anayezitumia vizuri huna namna ya kumjua kwa kumtazama, lakini jicho la mtaa halijabadilika upesi kama dawa.

Hivyo mama akirudisha kilo mbili, watu wanamsifu. "Afadhali, sasa umekuwa mtu." Huo ni mtihani mkubwa kuliko pilau. Mtu anakwenda kinyume cha afya yake huku akipigiwa vigelegele. Sisi hatuna dawa ya midomo ya watu, ila tumeona yaliyosaidia wengine. Mama mmoja wa Tandika aliamua kumwambia mama mkwe wake waziwazi: "Mama, daktari alisema sukari inaninyemelea, nikipungua nitakaa na wajukuu wako." Tangu siku hiyo mama mkwe ndiye anayemkemea anayempakulia kijiko cha pili. Mwingine alimchukua mumewe siku ya kliniki, akasikia kwa masikio yake daktari akitaja namba za presha. Mume aliyesikia mwenyewe hatasema tena "unakwisha".

Na ifahamike kwamba sababu ya kushikilia si urembo peke yake. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 tu ya uzito wao na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Hatari yao ya kupata kisukari ilipungua kwa asilimia 58. Kwa mama wa kilo 92, asilimia 7 ni kilo sita na nusu. Kwa hiyo aliyepungua kilo 13 na zikamrudia mbili na nusu bado ana kumi na nusu za kumlinda. Mama wetu wa Mbagala alipohesabiwa hivyo alishangaa. Ameanza tena, na safari hii mizani ipo ukutani jikoni, pembeni ya debe la unga, ambapo kila mtu wa nyumbani anaiona. Juma lililopita ilisoma 85.

Wale wanaoogopa kutembea peke yao asubuhi wana bahati ya vikundi. Temeke na Mbagala zina vikundi vya jogging vinavyojulikana, na wengi wao ni watu wa kawaida wenye matumbo yao, si wanariadha. Baadhi hukimbia Jumapili asubuhi wakati wa ibada ya kwanza, nasi tumewasikia wachungaji wakilalamika. Ziko za Jumamosi pia.

Kabla hatujamaliza, yako mambo ambayo hayahusiani na andazi. Ukiongezeka kilo mbili au zaidi kwa siku chache, na miguu ikavimba, ukibonyeza kidole kikaacha shimo, au pumzi inakata ukilala chali, usipunguze chakula. Nenda hospitali, kwani huenda ni moyo au figo. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu huwaongezea baadhi ya wanawake uzito. Zungumza na muuguzi kuhusu njia nyingine, usiiache kimya kimya ukapata mimba usiyoitazamia. Vidonge vya prednisolone, wanavyopewa wenye pumu kali au maradhi ya viungo, navyo huongeza hamu ya kula na kuvimbisha uso, wala havikatizwi ghafla bila daktari. Mama mjamzito hahusiki na rangi zetu hata kidogo. Yeye anatakiwa kuongezeka, na akivimba uso na mikono na kichwa kikamuuma sana, asisubiri siku ya kliniki. Anayenyonyesha naye angoje. Ale ashibe, na daftari lake alianze mtoto atakapokuwa amezoea uji.